Je, kusema “ukipenda” katika maombi ni unyenyekevu au ni upungufu wa imani?

Binti wa Uluguru anauliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Naomba kuuliza jambo lililonikaa kifuani tangu Pasaka, ambalo nimeshindwa kuwauliza watu wa karibu kwa sababu wengi wao wamo ndani ya habari yenyewe. Mama yangu aliugua kansa kwa mwaka mmoja na miezi minne. Muda huo wote kikundi chetu cha maombi kilikuwa kikija nyumbani kila Alhamisi jioni. Tulikuwa tunatandika mikeka barazani, mama anatolewa na kuketishwa kwenye kiti chenye mto, tunaimba pambio mbili tatu, kisha tunaomba kwa zamu. Jioni moja zamu yangu ilipofika nilisema, pamoja na mengine, “Bwana, ukipenda, mponye mama yangu.” Kabla sijamaliza, kiongozi wetu alinishika mkono na kusema, kwa sauti ambayo hata mama aliisikia, “Dada, hiyo ‘ukipenda’ iondoe. Unampa adui mlango.” Niliiondoa. Nikaomba upya kwa maneno aliyokuwa akinitangulizia nami nikiyafuata: naamuru, natangaza, nakataa, kwa jina la Yesu.

Mama alifariki wiki ya pili baada ya Pasaka. Siku ya tatu ya msiba, tulipokuwa tukisugua masufuria nyuma ya nyumba, mmoja wa wanakikundi aliniambia kwa upole, na ninaamini hakuwa na nia mbaya, kwamba pengine neno lile la siku ile liliacha ufa.

Sikuja hapa kumshitaki mtu. Ninachotaka kufahamu ni namna mambo haya mawili yanavyoweza kukaa katika ombi moja. Nikinyenyekea na kusema kwamba Mungu ndiye mwenye kuamua, naonekana sina uhakika naye. Nikisema nina uhakika kwamba atatenda, naonekana nimemwamulia. Nimelelewa katika Kanisa la Kilutheri, nikahamia kwa wapendwa wa kiroho nilipoanza kazi, na sasa najiona nimebaki katikati ya mto. Tangu tumzike mama siwezi kuomba kwa maneno yangu mwenyewe. Ninasali Baba Yetu tu, na hata hiyo ninakwama ninapofika kwenye “mapenzi yako yatimizwe”, kwa sababu ninaanza kujiuliza kama ninaomba au ninajitetea.

---

Mwinjilisti Mstaafu anajibu:

Amina, binti yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa ukiwa na masizi ya masufuria mikononi.

Nakuomba ufungue Injili ya Marko na kuwatazama watu wawili, kisha uwalinganishe neno kwa neno, kwa kuwa tofauti yao imo katika kitenzi kimoja tu. Wa kwanza yumo katika sura ya 1, mstari wa 40. Ni mtu mwenye ukoma, aliyemjia Yesu akampigia magoti na kusema, “Ukitaka, waweza kunitakasa.” Wa pili yumo katika sura ya 9. Ni baba mwenye mtoto aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, naye alisema, “Ukiweza neno lolote, utuhurumie, na kutusaidia.” Wote wawili wametumia lile “ki” la masharti. Lakini mmoja ameliweka kwenye kutaka, na mwingine ameliweka kwenye kuweza. Yule wa “ukiweza” Bwana alimrudishia neno lake kwa mshangao, “Ukiweza!”, akamwonyesha kwamba hapo ndipo imani yake ilipopungua. Yule wa “ukitaka” hakukemewa hata kidogo. Yesu alinyosha mkono, akamgusa mtu ambaye hakuna aliyekuwa akithubutu kumgusa, akamjibu kwa kitenzi kilekile: “Nataka, takasika.”

Sasa jiulize wewe ulisema nini pale barazani. Hukusema “ukiweza.” Ulisema “ukipenda”, na mtu hawezi kutamka hivyo kwa kicho kama hajakubali kwanza kwamba anayeambiwa anaweza. Yule mwenye ukoma hakuwa na shaka hata chembe juu ya uwezo. Alichokiacha mikononi mwa Bwana ni uamuzi. Kwa hiyo imani yake na unyenyekevu wake havikugombana, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na mahali pake katika sentensi. Na yule baba wa “ukiweza” naye tusimdharau, maana baada ya kusahihishwa alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mtoto wake akapona siku hiyohiyo, kwa imani iliyokuwa imechanganyika na kutokuamini.

Kuhusu wazo la kwamba neno hilo huacha ufa, ningependa aliyelisema atueleze afanyeje na Gethsemane. Bwana wetu alisema, “Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe.” Yote yamo humo kwa mpangilio: kwanza ukaribu wa mtoto, kisha kukiri uwezo, kisha haja iliyotajwa wazi bila kuzungushwa, na mwisho kukabidhi. Mathayo anasema aliomba hivyo mara tatu, kwa maneno yaleyale. Waraka kwa Waebrania 5:7 unasema kwamba kwa kulia sana na machozi alimwomba yule awezaye kumwokoa na kumtoa katika mauti, “akasikilizwa.” Alisikilizwa, na bado kesho yake alisulubiwa. Ukilishika neno hilo moja, “akasikilizwa”, utaona kwamba kaburi la mama yako si ushahidi wa kwamba ninyi hamkusikilizwa.

Nimekulia Kagera katika nyumba ya watu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda na kwetu. Kina bibi wa Uamsho walikuwa wakali sana kwa mtu aliyeomba kwa maneno makubwa. Mtu akitubu kirefu na kwa ufasaha, bibi yangu alikuwa akimwuliza, “Umemaliza kujisifu?”

---

Mwombezi wa Alfajiri anajibu:

Shikamoo, Mwinjilisti. Dada, pole sana.

Mimi ni mtu wa mikesha na wa kufunga, na nimo katika kanisa linalofanana na hilo unalolieleza, kwa hiyo nitasema upande wetu ili usibaki umesemwa na watu wengine. Kwanza niseme wazi kwamba kumwambia mfiwa kuwa neno lake limemwua mama yake ni kosa. Nasema hivyo nikijua kwamba niliwahi kukaribia kulitenda kosa hilohilo katika nyumba ya jirani, nikanyamazishwa na macho ya mwenye msiba.

Pamoja na hayo, naomba tusiifanye “ukipenda” kuwa neno takatifu lisiloweza kuchunguzwa. Kwa miaka 9 nilimwombea kaka yangu aache pombe, na kila mara nilimalizia kwa “kama ni mapenzi yako.” Siku moja mzee aliyenilea katika huduma aliniuliza kama ninadhani kuna uwezekano kwamba ni mapenzi ya Mungu kaka yangu aendelee kulala mitaroni. Nikakosa jibu. Akaniambia kwamba ninaomba kama mtu anayepungia gari mkono kuomba lifti huku ameshageuka na kuendelea kutembea. Alikuwa amenijua. Maneno yale kwangu hayakuwa unyenyekevu. Nilikuwa najiwekea akiba, ili kaka asipobadilika nisiaibike mimi wala asiaibike Mungu wangu mbele ya ukoo. Huo ni woga uliovaa kanzu ya unyenyekevu, na katika makanisa yetu ya zamani uko mwingi: watu wanaomba ili wamalize kuomba, na mmoja akipona kweli wanashangaa kuliko wapagani.

Maandiko yanatutaka tuwe na ujasiri. Tunaambiwa tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Tunaambiwa, “Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea.” Tunapewa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mpaka akamchosha. Yule mjane hakuwa na kiburi, hakuwa na cheo wala wakili wala bahasha ya kumpa kadhi, na hata hivyo hakuondoka mlangoni. Nadhani huo nao ni unyenyekevu, wa mtu asiye na mahali pengine pa kwenda.

Kuhusu kuamuru, naomba tutofautishe. Petro alimwambia kiwete pale mlangoni mwa hekalu, “Simama uende,” kwa hiyo amri ina mahali pake. Lakini amri ile aliambiwa kiwete. Petro hakumwamuru Mungu. Sisi tunapochanganya hapo, na nakiri kwamba tunachanganya, tunaanza kumsemesha Baba kama mtu anayedai chenji yake dukani.

---

Katekista wa Kusini anajibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Dada, Mungu amrehemu mama na akupe nguvu.

Sisi Wakatoliki, kila Misa kabla ya kukomunika, tunasema maneno yaliyotoka kinywani mwa yule akida wa Kirumi: “Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu, na roho yangu itapona.” Nimeyafundisha maneno hayo kwa watoto wa komunyo ya kwanza miaka mingi, na kila mwaka huwa nawasimamisha kwenye neno “lakini.” Nusu ya kwanza ikibaki peke yake, mtu angekata tamaa akabaki nje. Nusu ya pili ikibaki peke yake, angeingia na viatu vya matope. Ndugu Mwombezi ametusaidia kuona kwamba wapo walioisahau nusu ya pili, naye Mwinjilisti ametukumbusha waliosahau ya kwanza.

Naomba kuongeza sauti ya Mwafrika wa zamani. Mwaka 410 Roma ilipotekwa na Wagothi, mjane mmoja tajiri aitwaye Proba alikimbilia Afrika Kaskazini pamoja na mkwe wake na mjukuu wake, naye akamwandikia Askofu Augustino wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria, akimwuliza namna ya kuomba. Alikuwa mtu aliyepoteza mengi, na swali lake halikuwa mbali na lako. Katika jibu lake Augustino anawataja ndugu wa Misri, wamonaki wa jangwani, waliokuwa na sala za mara kwa mara lakini fupi sana, zilizorushwa upesi kama mkuki, ili moyo usipoe katikati ya maneno mengi. Anasema kwamba kazi hii hutendeka zaidi kwa kuugua na kulia kuliko kwa kusema. Kisha analigusa jambo lako lenyewe. Kwa kuwa hatujui kuomba jinsi itupasavyo, taabu ikitupata tunaomba iondolewe, kama mwanadamu yeyote anavyoomba. Lakini isipoondolewa, tusidhani kwamba tumeachwa. Anakumbusha kwamba Waisraeli walipolilia nyama jangwani walipewa, na ikawa hasira juu yao, hali Mtume Paulo alipoomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili alinyimwa, na kunyimwa kule kukawa rehema. Kwa hiyo kupewa hakuthibitishi imani ya mtu, wala kunyimwa hakuthibitishi upungufu wake. Nadhani kipimo cha kikundi chenu kiliharibika hapo.

Na tukiendelea na vipimo, someni Matendo ya Mitume sura ya 12 tangu mwanzo. Herode anamwua Yakobo kwa upanga, kisha anamkamata Petro. Kanisa linamwomba Mungu kwa juhudi, Petro anatolewa gerezani na malaika, anafika na kubisha mlango. Binti aitwaye Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau kumfungulia, anakimbia ndani kuwaambia. Wale waombaji wanamwambia, “Una wazimu.” Walikuwa wameomba usiku kucha bila kutarajia kitu, ndugu Mwombezi, sawasawa na hao uliowataja, na Petro alitoka gerezani vilevile. Yakobo hakutoka. Kanisa ni lile lile, mfalme ni yule yule, na Luka hatuambii kwamba mtu yeyote alikaa akatafuta nani alisema neno gani wakati wa kumwombea Yakobo.

Kuna zaburi moja fupi, ya 131, yenye mistari mitatu tu. Inasema, “Bwana, moyo wangu hauna kiburi,” kisha inajifananisha na mtoto aliyeachishwa, kifuani mwa mama yake. Wengi huisoma haraka wakadhani ni mtoto anayenyonya, lakini huyu ameachishwa. Huku kwetu mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri, na mtoto akishika akakuta uchungu hulia usiku wa kwanza, wa pili, pengine na wa tatu, akimpiga mama kwa viganja, haelewi kwa nini aliyekuwa akimpa sasa anamnyima. Baada ya siku kadhaa utamwona amerudi kifuani palepale na kulala. Hatafuti maziwa tena. Amemtaka mama. Kutulia kwa namna hiyo kumepatikana baada ya kilio, na anayekwambia utulie kabla hujalia hajawahi kuachishwa.

---

Mwombezi wa Alfajiri anajibu:

Katekista, hiyo ya Yakobo na Petro nimeihubiri mara nyingi nikianzia mstari wa 5, yaani nikianzia kwa Petro. Nimekwenda kuangalia daftari langu la mahubiri, na mstari wa 2 haumo hata mara moja. Nitalifanyia kazi.

Ila naomba tusimwache dada na somo la kupokea tu. Mwinjilisti, mtu asiyeweza kuomba kwa maneno yake mwenyewe afanye nini kesho asubuhi?

---

Mwinjilisti Mstaafu anajibu:

Ni swali la haki, mwanangu, na jibu langu ni dogo.

Binti, hiyo Baba Yetu inatosha. Usiiite upungufu. Mtume Paulo anakiri, akijihesabu na yeye mwenyewe, kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo hata unapokwama kwenye yale maneno matatu kuna anayeendelea. Unapokwama, usilazimishe kupita. Kaa hapo hapo, hata kama ni dakika tatu, kisha nenda kazini. Na umkumbuke Hana kule Shilo, aliyekuwa akimlilia Mungu ampe mtoto. Aliomba midomo ikicheza bila sauti, kuhani mzima akamdhania mlevi na kumkaripia. Naye hakubishana kwa jeuri wala hakukubali kuitwa mlevi, alijieleza kwa adabu. Kisha akaenda zake, akala chakula, na huzuni ikamtoka usoni. Alikula kabla hajapata mimba. Kama unataka kujua kumtumaini Mungu kukoje kwa nje, mimi huwa naona kunafanana na kile chakula.

Nawe umeshakaripiwa na kuhani wako. Ukiweza, mjibu kwa adabu kama Hana. Usipoweza mwaka huu, si lazima.

---

Binti wa Uluguru anajibu:

Asanteni sana, Mwinjilisti, Katekista na kaka Mwombezi. Nimewasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na Biblia ya mama magotini, ile ya Union yenye jalada lililoshonwa kwa kitambaa cha kitenge.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo kwa sababu nililiona dogo. Siku ile ya Alhamisi, wenzetu walipoondoka, nilimrudisha mama ndani na kumlaza. Nikamwomba radhi kwa kuomba vibaya. Akacheka kidogo, kwa jinsi alivyoweza kucheka wakati ule, akasema yeye hakusikia ubaya wowote ila miguu ilikuwa inamwuma kwa kukaa muda mrefu. Halafu akasali ile sala yake ya kila usiku, niliyoizoea tangu utoto kiasi cha kutoihesabu kuwa sala: “Baba, unajua.” Akageukia ukutani.

Katekista, naomba unisaidie jina au namba ya hiyo barua ya Augustino, nitafute kama ipo kwa Kiswahili.

---

Katekista wa Kusini anajibu:

Dada, ni Barua ya 130, ya mnamo mwaka 412. Ukiipata kwa Kiswahili naomba uiweke hapa, maana mimi nimeisoma kwa msaada wa padre aliyekuwa akitafsiri huku tunakunywa chai, na chai iliisha kabla ya barua.